Kabla ya Nusu Kaputi

Vijarida vinavyoeleza upasuaji wa kupunguza uzito hutaja hofu zilezile: maumivu, kutoamka, gharama, unene kurudi. Hofu ambayo kwa watu wa Mbeya na Iringa naiona nzito kuliko hizo zote haimo humo. Ni hofu ya kukonda.

Inasikika kama kichekesho. Mtu atoke Uyole hadi Dar es Salaam, alipe mamilioni ya shilingi, alale kwenye kitanda cha chumba cha upasuaji ili apungue, halafu aogope kupungua. Lakini aliyekulia ukanda huu miaka ya 1990 hacheki. Wakati ule mtu aliyeanza kupwaya ndani ya nguo zake hakuulizwa siku hizi anakula nini. Watu walitazamana tu. Akishaondoka, walisema amekanyaga miwaya, yaani ana Ukimwi, wakaanza kukumbushana alikuwa na nani na lini. Nyanda za Juu Kusini zimezika wengi, na hata baada ya dawa kupatikana takwimu zake zimebaki juu: utafiti wa kitaifa wa 2016–2017 uliikuta Njombe na maambukizi ya VVU ya asilimia 11.4 ya watu wazima, Iringa 11.3 na Mbeya 9.3, wakati wastani wa nchi ulikuwa karibu 5. Dawa ziliwarudisha watu mashambani na madukani. Jicho la mtaa halikupata dawa. Kwa jicho hilo mwili mnene ni uzima, na nyama ikipungua lazima kuna jambo.

Kwa hiyo mwanamke wa miaka arobaini na mitano anayekubali kupungua kilo 40 ndani ya mwaka anakubali pia kuulizwa sokoni, kanisani, kwenye bajaji: "Mbona umepungua hivyo, unaumwa?" Muulizaji wala hana nia mbaya. Huko kwetu hiyo ni sehemu ya salamu. Kazi iko kwenye kujibu.

Nimeianza sura na hofu hii kwa sababu inaonyesha ninachotaka kusema. Wasiwasi wa kabla ya upasuaji ni mafungu kadhaa yaliyochanganyika, na mara nyingi hautulii kwa sababu kila fungu limepelekwa kwa mtu asiye wake. Swali la nusu kaputi anapelekewa mchungaji. Swali la mume anapelekewa daktari wa upasuaji. Lile la kukonda halipelekwi kwa mtu yeyote, linabaki kifuani na kuyapandisha mengine yote.

Tumfikirie mama mmoja wa Mwanjelwa, mwenye duka la vitenge. Ni wa kufikirika, lakini kila kilichomo ndani yake kinapatikana. Urefu wake ni sentimita 160, uzito kilo 124. Ukigawa uzito huo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, unapata 48. Mwaka 1991 wataalamu walioitishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani waliweka mpaka wa upasuaji kwenye 40, au 35 kwa mwenye maradhi yanayoambatana na unene. Mwaka 2022 vyama viwili vikubwa vya madaktari wa fani hii viliushusha hadi 35 hata kwa asiye na maradhi. Mama huyu ameipita mipaka yote miwili, na ana presha, ana sukari, magoti yanamlia akipanda ngazi. Binti yake anasema akilala anakoroma, kisha ananyamaza kabisa sekunde kadhaa, halafu anavuta pumzi kwa kishindo kama mtu aliyeshtuliwa.

Amepewa tarehe. Tangu siku aliyopewa, halali.

Mkoani kwake hana mtu wa kumwonyesha na kusema, huyu alifanyiwa, muulize. Akienda kliniki anakutana na mabango ya uji wa mtoto, na si kosa la kliniki. Iringa inavuna mahindi yanayolisha mikoa mingine, lakini utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 57 hivi ya watoto wake wa chini ya miaka mitano wamedumaa, kiwango kinachoizidi mikoa mingine yote. Maneno ya lishe katika ukanda huu yameelekezwa kwa mtoto asiyekua. Wakati huohuo, katika nchi nzima, wanawake wa umri wa kuzaa wenye uzito uliozidi walipanda kutoka asilimia 11 mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi 28 mwaka 2015–2016. Mama wa Mwanjelwa hajui kwamba ana wenzake wengi kiasi hicho. Anajiona peke yake, na mtu anayejiona peke yake huamini hadithi ya kwanza anayosimuliwa.

Hadithi ya kwanza kwa kawaida ni ya kifo. Kuna mtu alikwenda India hakurudi. Kuna mwingine alipigwa nusu kaputi akalala moja kwa moja. Hofu ya namna hii huizimi kwa kumwambia mtu aache kuogopa, ipe hesabu. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa 4,776 waliofanyiwa upasuaji huu kwa mara ya kwanza: waliofariki ndani ya siku 30 walikuwa asilimia 0.3, yaani watatu katika kila elfu moja. Hii ndiyo namba madaktari wanaipenda, na ni ya kweli.

Lakini mama akiuliza, "Hao walilazwa wapi?" ameuliza swali la maana, na asikubali kunyamazishwa. Mwaka 2018 jarida la Lancet lilitoa utafiti ulioongozwa na Bruce Biccard wa Cape Town, uliofuatilia wagonjwa 11,422 wa upasuaji wa kila aina katika nchi 25 za Afrika. Waliofariki walikuwa asilimia 2.1, mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa wagonjwa wa Afrika walikuwa vijana zaidi na wenye maradhi machache. Humo mlikuwa na akina mama wa kujifungua kwa dharura na watu wa ajali, kwa hiyo namba hiyo huwezi kuibandika juu ya upasuaji uliopangwa miezi kabla. Kinachomhusu mama yetu ni jambo jingine katika utafiti uleule: zaidi ya vifo tisa katika kila kumi vilitokea baada ya siku ya upasuaji kupita. Havikutokea mezani wala chini ya dawa ya usingizi. Vilitokea wodini, siku zilizofuata, pale ambapo mgonjwa anaanza kuharibikiwa polepole na wanaomtazama ni wachache.

Kwa maoni yangu hiyo ndiyo habari muhimu kuliko zote katika sura hii. Watu wengi wanaogopa kulala, na karibu hakuna anayeuliza nani atamtazama akishaamka. Katika upasuaji wa kupunguza tumbo, hatari ambayo madaktari wanaivizia ni mshono kuvuja, jambo linalowapata watu wapatao mmoja au wawili katika mia. Dalili yake ya mapema inaweza kuwa mapigo ya moyo tu: yanapanda, hayashuki, na mgonjwa anasema hajisikii vizuri bila kuweza kueleza zaidi. Kwa hiyo maswali ya kumpelekea daktari ni haya. Usiku wa kwanza na wa pili nitapimwa mapigo na joto kila baada ya muda gani? Mapigo yakipanda saa nane usiku, muuguzi anampigia nani, na huyo anayepigiwa anafika? Katika mwaka mmoja mmefanya upasuaji huu mara ngapi? Daktari anayejiamini hakasiriki. Akikasirika, nalo ni jibu.

Hapa Tanzania ina jambo la kujivunia ambalo Watanzania wenyewe hawalisimulii. Shirika la Afya Duniani lilipotaka kujua kama orodha fupi ya ukaguzi inayosomwa kwa sauti ndani ya chumba cha upasuaji inaweza kuokoa maisha, lilichagua hospitali nane duniani. Kulikuwa na ya London, ya Seattle, ya Toronto, ya New Delhi. Na kulikuwa na ya Mtakatifu Fransis, Ifakara, huko bonde la Kilombero chini ya milima ya Udzungwa. Ukipanda TAZARA kutoka Mbeya unapita Ifakara kabla hujafika Dar. Matokeo yalichapishwa Januari 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka 11 hadi 7, kwa kusoma mambo kumi na tisa tu. Mojawapo ni mgonjwa mwenyewe kutaja jina lake na anachokwenda kufanyiwa kabla hajalazwa usingizi. Mama akiulizwa jina mara ya tatu asubuhi ileile asidhani wamemsahau au wamechanganya mafaili. Aanze kuwa na wasiwasi kama hakuna aliyemuuliza.

Kuhusu nusu kaputi yenyewe, akina mama wengi wanadhani wanaijua kwa sababu wamejifungua kwa upasuaji. Mara nyingi wakati ule walichomwa sindano ya mgongoni, wakawa macho, wakamsikia mtoto akilia. Hii ni nyingine: unalazwa kabisa, mpira unapitishwa kooni, mashine inakupumulia. Ndiyo maana lile neno la binti kuhusu kukoroma na kunyamaza ni la thamani kubwa. Mtu anayekatikiwa na pumzi usingizini anahitaji maandalizi tofauti na uangalizi wa karibu zaidi akishaamka. Wengi hawalisemi kwa sababu kukoroma ni aibu ya chumbani. Daktari wa usingizi aambiwe hilo, na aambiwe pia kuhusu sigara, kuhusu konyagi, na kuhusu zile chai za kupunguza tumbo na mizizi ya kuchemsha ambayo mgonjwa amekuwa akiinywa kimyakimya. Daktari huyo hakutafuti makosa, anapanga vipimo vya dawa zake.

Kuna wanaosema, "Machale yamenicheza." Ameota jeneza, au ameota marehemu mama yake amesimama mlangoni hataki kumpisha. Mimi sicheki ndoto za watu. Ninachouliza ni mchana wa siku ile kulitokea nini. Kama ndoto imekuja usiku uleule baada ya jirani kusimulia habari ya mtu aliyekufa India, basi aliyeota ni jirani. Kama machale yanacheza kila inapotajwa tarehe, tarehe yoyote, hiyo ni hofu ya kawaida na ina haki ya kukaa, mradi isishike usukani. Lakini kama mtu alitoka kwa daktari na swali ambalo halikujibiwa, na tangu siku hiyo moyo unakataa, hapo hakuna machale. Ameona kitu kwa macho yake. Arudi akakiulize.

Tuje kwa shangazi, maana shangazi hakwepeki.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Nasikia unakwenda Dar kupasuliwa. Ni uvimbe?"

"Hapana shangazi, ni huu uzito."

"Uzito! Si upunguze ugali tu?"

Sentensi hiyo ya mwisho inauma kuliko kisu, kwa sababu mama mwenyewe amejiambia hivyohivyo kwa miaka ishirini. Amepunguza ugali. Ameacha chai ya maziwa, amekunywa maji ya limau, ametembea alfajiri na kundi la kanisani. Alipungua kilo nane, zikarudi kumi. Shaka linalobaki ni kwamba labda shangazi ana haki: huu upasuaji ni njia ya mvivu.

Mwili haukubaliani na shangazi. Mtu mnene anapopungua kwa kujinyima, mwili wake unaitikia kama umepatwa na njaa: hamu ya kula inapanda, nguvu anayoitumia akiwa amepumzika inashuka, na hali hiyo inaweza kuendelea muda mrefu baada ya uzito kupungua. Homoni mojawapo ya njaa, grelini, iliyogunduliwa na Wajapani mwaka 1999, hutengenezwa zaidi katika sehemu ya juu ya tumbo, na ni sehemu hiyo hasa inayoondolewa katika upasuaji unaofanywa sana siku hizi. Kiasi cha robo tatu hadi asilimia 80 ya tumbo hukatwa kwa urefu, kupitia matundu madogo manne au matano, na kinachobaki ni mrija wa ukubwa wa ndizi moja ya Tukuyu. Huko Sweden, kuanzia 1987, waliwafuatilia watu 2,010 waliofanyiwa upasuaji wa namna mbalimbali pamoja na wengine 2,037 wanene kama wao ambao hawakufanyiwa. Miaka ilipopita, waliofanyiwa walikufa wachache zaidi. Hayo hayamfanyi shangazi kuwa mjinga. Yanamfanya mama aache kujitukana, na aliyeacha kujitukana anakuwa na nafasi ya kufikiri.

Afikirie pia kama kuna njia nyingine. Kuna puto linalopitishwa mdomoni na kujazwa maji tumboni, likakaa miezi sita au zaidi kisha likatolewa. Watu wengi husikia kichefuchefu siku za kwanza, na uzito una tabia ya kurudi likishatoka. Kuna sindano mpya za kila wiki: katika jaribio kubwa lililochapishwa 2021, waliochomwa semaglutide walipungua wastani wa asilimia 15 hivi kwa wiki 68, lakini wanaoiacha hurudisha sehemu kubwa ya uzito. Upasuaji unapunguza zaidi na unadumu zaidi, ila kilichokatwa hakirudishwi. Mtu akisita mbele ya jambo lisilorudishwa, mimi namhesabu kuwa na akili timamu.

Na kuna chakula chenyewe. Hapa ndipo naona ushauri mwingi unapita haraka mno, kwa sababu unatoka nchi ambako mtu anakula peke yake kwenye sahani yake. Mbeya na Iringa watu hula pamoja. Msibani unapakuliwa wali na maharage, na aliyepakua anakutazama. Ukienda Rungwe kumsalimia mtu, ndizi zimeshawekwa jikoni kabla hujakaa. Kurudisha sahani ikiwa na chakula ni kusema neno, na wenyeji watakaa wakijiuliza umesema neno gani. Mtu aliyefanyiwa upasuaji, miezi ya kwanza, anashiba kwa vijiko vichache. Akilazimisha kijiko cha ziada kwa heshima ya mwenyeji, atatapika mbele ya wageni. Kwa muda mrefu atatakiwa kuanza na nyama, samaki, mayai au maharage, na ugali uje mwisho kama nafasi ipo. Kwa Mhehe hiyo ni meza iliyopinduliwa.

Sioni sababu ya kumficha mtu jambo hili kabla hajatia sahihi. Anayekwenda kupasuliwa aomboleze ugali wake mapema, wakati bado anaweza kuula, kuliko kugundua huzuni hiyo wiki ya tatu akiwa na kikombe cha supu. Tena hospitali nyingi zitampa nafasi ya kuonja maisha hayo: wiki mbili kabla ya upasuaji huagizwa kuacha karibu vyakula vyote vya wanga na sukari ili ini linywee, maana ini la mtu mnene huwa limejaa mafuta na linafunika tumbo ambalo daktari anataka kulifikia. Wiki hizo mbili ni ngumu, hasa Juni na Julai, Mbeya inapoganda na kila mtu anataka kitu cha moto cha kujaza. Ni mtihani mzuri. Anayezipita anajifunza kitu kuhusu nafsi yake, na anayeshindwa ana la kuzungumza na daktari kabla ya kisu.

Ulanzi unastahili aya yake. Masika yakishika Iringa na mianzi ikaanza kutoa, hakuna kikao bila chombo. Mtogwa, ule mtamu wa siku ya kwanza, una sukari ambayo kwa aliyefanyiwa aina nyingine ya upasuaji, ile ya kuunganisha tumbo lililopunguzwa na utumbo moja kwa moja, inaweza kumletea jasho, moyo kwenda mbio na kuhara ndani ya nusu saa. Mkangafu, ule uliochacha, ni tatizo jingine: baada ya upasuaji pombe hupanda kichwani haraka kuliko zamani na hukaa zaidi. Utafiti wa Marekani wa 2012 uliona matatizo ya ulevi yakiongezeka mwaka wa pili baada ya upasuaji wa kuunganisha utumbo. Baadhi ya watu waliokuwa wakijituliza kwa chakula, chakula kikishawafungia mlango, hugonga kwa pombe. Mwenye historia hiyo amwambie daktari kabla. Si lazima akataliwe, ila atasubirishwa, na kusubirishwa si tusi.

Turudi kwenye fungu lisilokuwa na mwenyewe, lile la watu watasemaje. Nimesikia ushauri wa aina mbili, wa kuficha kabisa na wa kutangaza, na zote mbili zina walakini. Anayeficha atapungua kilo 40 mbele ya macho ya watu bila maelezo, na mtaa utajaza maelezo yake. Anayetangaza atapokea kabla ya safari ushauri wa watu hamsini, arobaini na tisa kati yao wakiwa na hadithi ya India. Mimi ningechagua watu watatu: atakayelala hospitalini, atakayebaki na duka, na mmoja mwenye mdomo mrefu lakini mwema. Huyu wa tatu ana kazi yake. Aambiwe ukweli mfupi, kwamba nimefanyiwa upasuaji wa tumbo kwa ajili ya sukari na presha, kisha aachwe aueneze.

Na wapo ambao swali la mtaa linagusa ukweli. Katika mikoa yenye maambukizi ya kiwango hiki, baadhi ya wanaotaka upasuaji wanaishi na virusi, na wengine wamenenepa wakiwa kwenye dawa. Kuwa na virusi hakumzuii mtu kufanyiwa, lakini kukaa kimya kunaweza kumdhuru. Tangu 2019 dawa kuu nchini imejengwa juu ya dolutegravir. Baada ya upasuaji mtu anapewa vidonge vya kalsiamu na chuma vya maisha yake yote, na vidonge hivyo vikimezwa ovyo pamoja na dolutegravir vinaizuia isiingie mwilini ipasavyo. Ni suala la kupanga saa tu. Lakini hakuna anayeweza kulipanga kama daktari wa upasuaji na kliniki ya dawa kila mmoja hajui mwenzake yupo.

Yapo mashaka ambayo ningeyaacha yashinde. Anayekwenda kwa sababu mume ametishia kuoa mwingine, asiende bado. Anayetaka kuingia kwenye gauni la harusi ya Desemba, asiende. Anayepanga kushika mimba mwaka huu asubiri, kwa kuwa hushauriwa kukaa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kabla ya kubeba. Na ajue kwamba uzito ukipungua mimba hushika kwa urahisi zaidi, kwa hiyo suala la uzazi wa mpango lipangwe mapema. Aliye katika giza la sonona, anayetumaini kwamba kilo zikiondoka na huzuni itaondoka, atibiwe huzuni kwanza. Na yule ambaye hakuna aliyemwambia kuwa vitamini na vipimo vya damu ni vya maisha, huyo bado hajapewa taarifa. Ridhaa yake ni karatasi tu.

Usiku wa mwisho hauna siri kubwa. Rangi ya kucha itolewe, maana kifaa kinachopima hewa ya damu hubanwa kidoleni. Simu izimwe mapema. Saa sita usiku hakuna jema linalopatikana humo. Kupumua polepole, pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia, kweli kunashusha mapigo. Anayesali asali, na mchungaji aje kama amezoea kuja. Asichotakiwa kufanya ni kumwachia mchungaji maswali ya daktari.

Kinachobaki ni umbali. Upasuaji huu sasa unafanyika hapa nchini, ikiwemo Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila, ambayo basi la kutoka kusini linaipita njia panda yake kabla halijafika Mbezi. Lakini kutoka Iringa ni karibu kilomita 500, na kutoka Mbeya zaidi ya 800. Kurudi kwa basi siku chache baada ya upasuaji, umekaa saa kumi na mbili miguu ikiwa imekunjwa, ni kuitafuta damu igande mguuni, na ikiganda inaweza kusafiri hadi kwenye mapafu. Bajeti iwe na chumba cha wiki mbili hivi Dar kwa ndugu au kwa kupanga, au nauli ya ndege ya Songwe. Atakayelazimika kupanda basi amuulize daktari kuhusu dawa ya kuzuia kuganda, na kila linaposimama, Morogoro, Mikumi, Ruaha Mbuyuni kwenye vitunguu, ashuke atembee.

Halafu kuna lile wazo linalomjia mama saa tisa usiku: nikitapika bila kukoma nikiwa nimesharudi Mwanjelwa, itakuwaje? Ni wazo zuri kuliko yote aliyokuwa nayo mwezi mzima. Kutapika siku nyingi baada ya upasuaji huu kunamaliza vitamini B1 mwilini na kunaweza kuharibu mishipa ya fahamu, na daktari wa zamu ambaye hajui mgonjwa alifanyiwa nini anaweza kumtundikia dripu ya glukosi kwanza, jambo ambalo kwa mtu aliyeishiwa B1 linazidisha madhara. Kwa hiyo aombe barua yenye kurasa mbili: amefanyiwa nini, tarehe gani, dawa gani anatumia, dalili gani si za kusubiri, na namba ya kupiga. Nakala moja ikae Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, au ya Mkoa kwa wa Iringa, kwa daktari aliyekubali kwa jina lake kumpokea. Nyingine ikae kwa binti anayejua jinsi mama yake anavyokoroma. Na huyo daktari wa Mbeya atafutwe kabla ya safari ya kwenda, wakati mama bado ana nguvu za kukaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje kumsubiri.